Kitengela au Ruiru: Utajuaje Kama Mji Utawafaa?

Swali: Mimi ni muuguzi, nina miaka 38. Tunaishi Donholm, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mimi ni Mkamba, yeye ni Mjaluo. Tumeweka akiba kwenye Sacco kwa miaka tisa na sasa tumepata nyumba mbili tunazoziweza, moja Kitengela na nyingine Ruiru. Hati wakili ameziangalia, na maji tumeulizia. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Januari 2008 mume wangu alitoroka Naivasha usiku, akaacha duka la nguo alilokuwa amelifungua miezi minne tu. Hadi leo, kila mwaka wa uchaguzi tunapeleka watoto kwa mama yangu Machakos kabla ya siku ya kura. Anasema hatanunua nyumba ya kuikimbia kila miaka mitano. Nitajuaje kama siasa na maisha ya mji yatatufaa kabla hatujatoa pesa? Broka anatuambia huko wote ni ndugu.

Jibu: Dada yangu, asante kwa kuliuliza jambo hili waziwazi. Wengi huniuliza kwa mafumbo: "Huo mtaa uko sawa?" "Majirani ni watu wa aina gani?" Wanachotaka kujua ni hiki chako. Nimefanya kazi ya kupanga miji kwa zaidi ya miaka 20, mingi yake katika kaunti tatu zinazoizunguka Nairobi, yaani Kajiado, Kiambu na Machakos, na nimekaa kwenye vikao vya wananchi hadi nikajifunza kuujua mji kwa jinsi watu wake wanavyogombana. Mumeo ana haki ya kusita. Aliyetolewa kwake usiku hawezi kutulizwa na vigae vipya wala na maneno ya broka.

Watu wengi huanza na ramani ya kura. Agosti 2022 Kiambu ilimpa William Ruto takribani robo tatu ya kura zake, Machakos ikampa Raila Odinga kiasi kama hicho, na Kajiado ikagawanyika karibu nusu kwa nusu. Basi mtu anakata shauri kwamba familia kama yenu iende Kitengela, iliyo Kajiado, iiepuke Ruiru, iliyo Kiambu. Sikatai kwamba ramani hiyo ina la kusema, lakini kwa mtu anayenunua nyumba ya kukaa miaka 30 ni mwongozo dhaifu. Mwaka wa 2002 Raila alisimama Uhuru Park akatangaza "Kibaki Tosha", yaani Mwai Kibaki ndiye anayefaa kuwa rais, na umati ukashangilia. Miaka mitano baadaye wafuasi wa wawili hao walikuwa wanafukuzana na kuuana. Machi 2018 Raila akapeana mkono na Uhuru Kenyatta. Mwaka wa 2022 Kiambu ilikuwa na Ruto na mgombea mwenza wake, Rigathi Gachagua. Oktoba 2024 Seneti ikamng'oa Gachagua kwenye unaibu wa rais, na Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Oktoba ya mwaka huo Raila akafariki. Aliyehamia mtaa fulani mwaka wa 2022 kwa sababu "hawa ni wa upande wetu" ameamka akakuta pande zimehama, na nyumba yake iko palepale.

Mimi huuliza swali lingine. Mtu ambaye ni wa wachache katika mji huo, upande wake uliposhindwa, aliishije wiki ile? Na siku za kawaida, akilalamika kuhusu barabara au taka, anasikilizwa au anaulizwa kwao ni wapi? Mahali ambapo wachache wanaweza kulalamika mbele ya watu na bado wakahudumiwa patawafaa, hata kama hamtawahi kumpigia kura mtu anayeshinda huko. Hilo linaweza kuchunguzwa, na bila kutoa hata shilingi ya amana.

Anza na Fomu 34A. Hii ndiyo fomu ya matokeo ya urais katika kila kituo cha kupigia kura, na mwaka wa 2022 tume ya uchaguzi iliziweka zote kwenye tovuti yake, vituo zaidi ya 46,000, kila kimoja kikiwa na wapiga kura wasiozidi 700. Usisome kaunti wala eneobunge. Tafuta shule ya msingi iliyo karibu na nyumba mnayoitaka, ujumlishe fomu zake zote, kwa sababu shule moja huwa na vituo kadhaa na kimoja pekee kitakupotosha. Usihangaike sana na nani alishinda. Tazama kama aliyeshindwa alipata kura za kuonekana. Kura 90 kati ya 500 ni watu 90 wanaoishi hapo na kuwaza tofauti, na wiki baada ya matokeo waliendelea kununua maziwa kwenye duka lile lile. Kisha tazama idadi ya waliojiandikisha. Ukiona shule imezungukwa na maghorofa ya wapangaji lakini wapiga kura wake ni wachache, umejifunza jambo kubwa kuhusu miji hii ya pembeni: watu wanalala huko, kura zao ziko Umoja, Siaya au Makueni. Diwani wa hapo anachaguliwa na wenyeji wa zamani, na anawahudumia wao kwa sababu ndio wanaoweza kumwondoa. Wageni wananung'unika kwamba wanabaguliwa, wakati sehemu ya tatizo ni kwamba hawamo kwenye daftari.

Baada ya hapo nenda kwenye kumbukumbu za mtaa wenyewe. Siku hizi karibu kila mtaa wenye lango una kikundi chake cha WhatsApp, na kikundi hicho ni shahidi asiyejua kujipamba. Mwombe anayewauzia, au mpangaji wa jirani mtakayezoeana naye, akuonyeshe ujumbe wa tarehe chache tu: 9 hadi 15 Agosti 2022, siku ya kura hadi siku matokeo yalipotangazwa, 5 Septemba 2022, siku ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, na 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha na miji mingi ya pembeni ikawaka moto siku hizo. Asipotaka kukuonyesha, mwombe akusimulie, umsikilize kwa makini.

Nimewahi kuonyeshwa vikundi viwili vya aina hiyo, vyote vya mitaa ninayoijua. Katika cha kwanza, jioni ya tarehe 15 Agosti kulikuwa na ukimya wa karibu saa nzima. Halafu mtu wa pampu akaandika kwamba maji yamerudi, watu wafungue mifereji. Baadaye mama mmoja akauliza kama kuna aliyemwona muuguzi wa nyumba namba 17, maana zamu yake imeisha na magari ni machache. Watatu wakajibu, na mmoja akatoka na gari kwenda kumchukua stejini. Nimeyaangalia majina ya watu wale. Hawakuwa wa upande mmoja. Katika kikundi cha pili, usiku ule ule mtu alituma picha ya kejeli, wa pili akamjibu kwa tusi la kabila, msimamizi akanyamaza. Kufikia Ijumaa watu 20 walikuwa wamejitoa na kuunda kikundi chao. Mtaa huo una nyumba 64 na hadi leo una magari mawili ya taka, kila kundi na lake, na mwenye kulipia mlinzi wa usiku hulaumiwa na wote wawili. Nyumba zake ni nzuri na ziliuzwa haraka. Singemshauri mtu wangu ahamie huko.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini kuliko vyote, na nashangaa watu wanaonunua nyumba hawakifikirii. Uliza kuhusu matanga. Muulize mwenyeji wa mtaa: mara ya mwisho mtu asiye wa kabila la wengi alipofiwa hapa, ilikuwaje? Nani aliita kikao cha kwanza? Viti vilitoka wapi? Nani alikuwa mweka hazina wa mchango? Mwili ulipotoka hospitali kuelekea nyumbani kwao, nani alipanda basi?

Nakueleza kwa nini. Kutoa mia mbili kwa M-Pesa ni rahisi, hata asiyekupenda atatoa. Lakini kukaa nje ya nyumba ya mtu jioni nne mfululizo, kwenye viti vya plastiki, katika baridi ya Julai, kusikiliza nyimbo za lugha usiyoijua, halafu kusafiri usiku kucha hadi Ugenya au Mwingi kumzika mtu ambaye kwao hujawahi kufika, hapo mtu hadanganyi. Nilipokuwa nikifanya utafiti wa kazi katika mji mmoja wa pembeni, nilikuta fundi cherehani aliyefiwa na mkewe. Alikuwa mtu pekee wa kabila lake kwenye ploti yenye vyumba 24. Mweka hazina wa mchango wake alikuwa mwenye ploti mwenyewe, mzee wa makamo, aliyeandika kila jina kwenye daftari la kodi kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine. Fundi alinionyesha ukurasa aliopewa baadaye, umekunjwa mara nne, majina 41 na kiasi cha kila mmoja, na mwishoni mwenye ploti ameandika kwamba kodi ya mwezi huo haitadaiwa. Matokeo ya kura ya wadi ile yangekuambia fundi huyu yuko mahali pabaya. Ameishi hapo miaka kumi na minne.

Wewe ni muuguzi, utapata mlango mwepesi kuliko wengi. Ongea na wauguzi wa zahanati ya karibu na mji huo. Wao wanajua nani alikuja hospitali usiku akiwa amebebwa na nani.

Sasa niseme jambo gumu, kwa ajili ya mumeo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na ilieleza kwamba katika sehemu kadhaa, Naivasha ikiwemo, fujo zilipangwa, hazikuwa hasira za majirani tu. Nadhani mumeo analijua hili mwilini mwake: walioingia usiku hawakuwa wote wateja wake wa dukani. Kwa hivyo unapochunguza mji, usitazame tu kama majirani ni wema. Tazama nani anaweza kukusanya vijana 50 kwa saa moja. Mara nyingi jibu liko kwenye steji ya bodaboda. Simama hapo nusu saa, panda pikipiki mara kadhaa, ongea na mwenyekiti wa steji. Steji yenye vijana wa makabila manne waliochangishana kununua koti za mvua ni vigumu kuigeuza silaha. Steji ya watu wa ukoo mmoja, ambayo mwenyekiti wake ndiye pia kijana wa mkono wa mwanasiasa wa hapo, iandike kwenye daftari lako kwa wino mwekundu. Fika pia kwa naibu wa chifu umuulize kuhusu Nyumba Kumi, mpango wa majirani kusaidiana kulinda usalama. Kama hajui mwenyekiti wake ni nani, basi mpango huo upo kwenye karatasi tu.

Kuhusu siasa yenyewe, yaani serikali, wengi hukosea kuangalia juu mno. Katiba ya 2010 iliipa kaunti barabara za mitaa, maji, taka, zahanati na madarasa ya chekechea. Polisi na shule za msingi na sekondari zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Ina maana kwamba maisha yako ya kila siku Kitengela yatategemea diwani na bunge la kaunti kuliko yatakavyomtegemea rais, na tabia ya diwani inaonekana kwenye vikao vya kushirikisha umma. Sheria inaitaka kaunti iwasikilize wananchi kabla ya kupitisha bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hivyo kati ya Februari na Juni hapakosi kikao katika wadi. Mtu yeyote anaweza kuingia. Kaa nyuma.

Usisikilize ahadi, sikiliza lugha na majibu. Kikao kinaendeshwa kwa lugha gani, na kikihamia lugha ya mama, kuna anayetafsiri? Nimeshuhudia kikao ambapo mama mmoja aliuliza kuhusu mfereji wa maji taka uliokuwa ukimwaga kinyesi mbele ya shule. Sauti ikatoka nyuma: "Nenda ukalalamike kwenu." Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu, akaita swali linalofuata. Yule mama akakaa, akaweka mkoba wake magotini, hakuinua mkono tena hadi kikao kikaisha. Miezi kadhaa baadaye, katika kaunti nyingine, sauti kama hiyo ilitoka tena, karibu kwa maneno yale yale. Mwenyekiti, mzee aliyevaa koti la suti na ndara, alisimamisha kikao. Alimtaka aliyesema asimame, akamuuliza anaishi nyumba gani na analipa wapi pesa za taka. Kijana alikuwa mpangaji asiyelipa. Mzee akamwambia yule anayelipa azungumze kwanza. Tofauti ya miji hiyo miwili haikuwa kabila wala chama. Katika mji wa pili palikuwa na mtu mmoja mwenye heshima aliyeamua kwamba neno lile halitapita mbele yake. Ukiupata mji wenye watu kama hao wanne watano, umepata.

Tuje kwenye nyumba zenu. Kitengela iko Kajiado Mashariki, kilomita chache tu kutoka Athi River ambayo ni Machakos, na huwezi kuielewa siasa yake bila kuielewa ardhi. Kwa makubaliano ya 1904 na 1911 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya nchi yao. Baada ya uhuru ardhi iliyobaki ikasajiliwa kama ranchi za vikundi, na ile ya Kitengela ikagawanywa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwa ploti, vikazungushiwa ua. Watu wa Kajiado walikuwa 687,312 katika sensa ya 2009. Kufikia 2019 walikuwa 1,117,840, na mji wa Kitengela pekee ulikuwa na 154,436. Mbuga ya Nairobi upande wake wa kusini haina ua, na nyumbu waliokuwa wakivuka kwenda nyanda za Kaputiei sasa wanakutana na kuta na seng'enge. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kushambulia mifugo. Ukiyaweka haya pamoja utaelewa kwa nini neno "mgeni" lina uzito tofauti huko. Mgogoro wa chini kwa chini Kitengela ni kati ya wenyeji wa Maa na sisi wote tuliokuja na ramani za ploti, Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo, Mkisii, bila kubagua.

Kwa familia yenu hilo lina pande mbili. Jema ni kwamba mjini kwenyewe hakuna kabila moja linaloweza kusema mtaa ni wake, na mumeo hatakuwa peke yake katika chochote. Lakini msije mkadhani kwa kuwa wageni ni wengi basi wenyeji hawahesabiki. Nilikaa siku moja karibu na mzee aliyezungumza Kimaa kwenye kikao cha mpango wa mji. Mjukuu wake ndiye aliyetafsiri. Alisema barabara zote kwenye mchoro zimepewa majina, isipokuwa ile ya ng'ombe. Tulitazama mchoro. Ilikuwa kweli: njia ambayo mifugo ilipita kwenda mtoni kwa vizazi ilikuwa imepangiwa maduka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliouchora mchoro ule, na aibu ya siku hiyo ninayo bado. Mkinunua huko, ulizeni ukame ukija mifugo hupita wapi, na kama ua wa mtaa wenu umefunga njia hiyo. Mtaa uliofunga njia una uadui uliolala ambao broka hatakuambia. Mtaa ulioacha njia umeanza ujirani kabla hamjahamia. Na mjifunze kusalimia: "Supa" na jibu lake "Ipa" havigharimu kitu, na wazee hukumbuka nani alisalimia.

Kuhusu maji ya visima vya Kitengela, mengi yana chumvi na floraidi nyingi. Umesema umeulizia, nakuomba upime.

Ruiru ni hadithi nyingine. Yalikuwa mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi, na baada ya uhuru mengi yalinunuliwa na kampuni za ununuzi wa ardhi zenye wanahisa wengi kutoka Kiambu na Murang'a. Kwa hivyo wenye ploti wa zamani wanafahamiana tangu siku za hisa, na Kikikuyu ndicho kinachosikika dukani, kwenye chama na kanisani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, lakini mji huo ni mitaa mingi isiyofanana. Kahawa Wendani yenye wanafunzi wa chuo kikuu, na Githurai 45 ambayo imetenganishwa na ile 44 ya Nairobi kwa mpaka wa kaunti tu, zina kila aina ya mtu. Ukiingia ndani upande wa Gatong'ora ni tofauti. Kama nyumba yenu iko sehemu ya mchanganyiko, sioni sababu ya kuiogopa kuliko Kitengela. Kama iko kwenye mtaa ambao nyote wawili mtakuwa watu wa nje kwa lugha, jiulizeni kuhusu wewe pia. Mwanamke anayekaa nyumbani siku zake za mapumziko ndiye anayeusikia mji zaidi ya mume anayerudi saa mbili usiku.

Uamuzi wangu kwa sasa: msinunue bado. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kodini nyumba Kitengela, karibu kabisa na ile mnayoitaka, muupitie uchaguzi mkiwa wapangaji. Najua mwenye nyumba anaweza kuiuza, na bei inaweza kupanda. Hasara hiyo naiona, na bado naichagua, kwa sababu kodi ya mwaka ni ndogo kuliko nyumba ambayo mumeo hatalala ndani yake. Mkiwa tayari mmeamua kwamba hapo patakuwa kwenu, hamisheni kura zenu. Sheria inataka uombe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na hapo diwani ataanza kuwaona.

Kabla ya kukodi, mwache mumeo aende peke yake. Alale usiku wa Ijumaa katika nyumba ya wageni ya mji, atembee kutoka stejini saa tatu usiku, anunue kitu dukani akizungumza Kiswahili chake kama kilivyo, anyoe nywele kwenye kinyozi Jumamosi asubuhi wakati ubishi wa siasa umepamba moto. Usimuulize chochote Jumamosi. Muulize Jumatano, baada ya kutulia, na umwamini atakachosema hata kama hawezi kukieleza. Ukishajua majina ya shule za msingi zilizo karibu na nyumba hizo mbili, niandikie. Nitakutafutia Fomu 34A zake na tutazisoma pamoja.